Kola Iliyofumuliwa Mara Tatu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, nanyi wenzangu tunaoagana leo: wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Nimepewa dakika tano nizungumzie malezi. Naomba ruhusa nizungumzie kola.

Nyumbani kwetu kuna mafundi wawili. Mama hushona nguo, Baba hushona maturubai ya malori. Nikikosea, Mama hagombi wala hanisaidii, husema neno moja tu: "Fumua." Baba naye hunikonyeza: "Lete hapa, nitakumalizia." Je, mnadhani nampenda nani zaidi? Msinitie matatani, wote wawili wamekaa safu ya pili.

Mwaka huu nilipata nafasi katika shule ya bweni, mbali na nyumbani. Baba alikubali kabla sijamaliza kusema. Mama aliisoma fomu ya kujiunga, akaikunja.

"Huko nani atakuangalia? Shona shati la sare yako mwenyewe. Kola ikikaa sawa, nitasaini."

Nikashona. "Fumua." Nikashona tena. "Fumua, mwanangu." Machozi yakanilengalenga. Baba akaniambia nikanawe uso, nisiwe na haraka. Niliporudi, kola ilikuwa tayari.

Mama aliishika kwa vidole viwili. "Hii imeshonewa mwanafunzi au lori?"

Kumbe Baba alikuwa ametumia uzi wa turubai! Alinitazama kwa jicho la usinitaje. Ningeweza kunyamaza. Lakini shati lilikuwa langu, na safari ilikuwa yangu. Nikasema, "Mama, hiyo si kazi yangu."

"Najua. Fumueni wote wawili. Baba watoto, vuta kiti."

Tulifumua mpaka chai ikapoa, Baba akinung'unika kwamba uzi wake haujawahi kushindwa hata na upepo wa barabara kuu. Mama alicheka mpaka akaegemea cherehani. Na mimi, niliyekuwa nimekata tamaa, nikajikuta natunga uzi upya bila kuambiwa.

Wazazi wetu, bila Baba ningelitupa shati lile. Bila Mama ningelivaa hivyo hivyo, nikachekwa na bweni zima. Tafadhali msishindane ni yupi kati yenu anayelea vizuri zaidi. Vuteni viti, mkae nasi meza moja.

Kola niliyoivaa leo ni ya mara ya nne, na nimeishona peke yangu. Mama ameiona asubuhi, hajasema kitu. Fomu iko kwenye mkoba wake, na mwisho wa kuirudisha ni leo.

Mama, nageuka kidogo, uitazame na nyuma.

Sijasikia "fumua". Naona mkoba unafunguliwa.

Wageni wetu, walimu wangu, wazazi wote, asanteni kwa kunisikiliza kwa upole namna hii. Mwalimu Mkuu, samahani, Mama anaomba kalamu.