Sylvester Waitara na Ng'ombe wa Ukutani

Wazee wetu, shikamooni. Wafiwa wenzetu, poleni.

Marehemu Sylvester Waitara alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 kijijini Susuni, wilayani Tarime. Alimaliza darasa la saba mwaka 1980. Mwalimu wake wa hesabu alimchapa kwa kuchora mbuzi kwenye daftari, kisha akaomba na yeye achorewe.

Mwaka 1989 alimuoa Felista. Mahari ilitolewa kwa ng'ombe waliotoka Busawe, alikoolewa dada yake Gati, maana ndiyo desturi yetu: dada akiolewa, kaka anapata mke. Walijaliwa watoto wanne, wakahamia Machochwe, ambako marehemu alichora mabango ya maduka na bucha.

Mwaka 2019 alichora ukutani kwake ng'ombe mwekundu anayetokwa machozi. Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Jirani yetu Simioni, aliyekuwa ameibiwa ng'ombe, alikuja mbio. "Huyu ni wangu kabisa, hata baka la kwenye paji ni lenyewe! Sylvester, ulimwona wapi?" Marehemu akaitwa mbele ya wazee. Bwana Desderius, afisa mifugo, yeye alileta dawa ya macho. Marehemu aliwajibu wote neno moja: "Nimechora." Wengine wakamwita mshirika wa wezi, na kazi za mabango zikakauka. Sisi wadogo zake tulimsihi apake chokaa mambo yaishe. Alikataa katakata, na hatukumwelewa.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa kwa muda mrefu, na tarehe 2 Juni 2025 Mungu akamchukua. Siku chache kabla, alimwambia mkewe, "Yule ukutani ni Gati. Alitolewa kwa ng'ombe ili mimi nioe. Mwambie anisamehe."

Juzi dada Gati alifika, akaelezwa. Alisimama mbele ya ule ukuta, nasi tukaogopa kwamba atakasirika kufananishwa na ng'ombe.

"Mbona amenichora nalia?" akauliza. "Nani alimwambia nililia? Mimi yule mwanaume nilimtaka mwenyewe. Si angeniuliza tu, jamani!"

Akakaa chini palepale, akalia.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, wadogo zake watatu na dada yake Gati.

Sylvester, pumzika kwa amani. Dada hakuwa na kinyongo na wewe.