Uzamili wa Mkojo

Ukishuka stendi ya Kayanga, upande wa maduka ya pembejeo, utaliona benchi letu: ubao mrefu juu ya magogo mawili ya mkaratusi, na Joanitha kando yake na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Mimi nashona viatu hapo hapo, kwa hiyo nasikia yote hata nisipotaka. Wenye benchi ni watatu. Dastan wa bodaboda tunamwita Redio, kwa sababu hazimi. Gosbert, aliyewahi kuwa mgambo, tunamwita Sirikali. Ana methali kwa kila jambo, ila jambo na methali havijuani. Wa tatu ni mzee Gaudiosus, mkulima wa Kituntu, ambaye hana jina la utani kwa sababu hapendi kuchekwa.

Ndiyo maana siku ile ilimwia ngumu.

Binti yake Kemirembe anafundisha kemia sekondari. Mwezi mzima mzee alikuwa akitutangazia kwamba amepata nafasi ya kusoma uzamili ng'ambo, kwenye maabara ya dawa, na kwamba atapanda ndege. Pale benchini tulishamsindikiza mara nyingi mno. Asubuhi hiyo Redio akaja na habari nyingine: kumbe kuna nafasi ya pili, ya chuo cha hapa hapa nchini, na binti anaitaka hiyo. Utafiti wenyewe utafanyika Kituntu. Unahusu mkojo.

— Wa ng'ombe? aliuliza Sirikali.

— Wa watu.

Mzee Gaudiosus akatazama ndani ya kikombe chake. Alikuwa anajua tangu jana, na alishamwambia binti kwamba kwa hilo baraka zake hazipo. Binti naye alisema bila baraka za baba hajibu chuo chochote, na mwisho wa kujibu ulikuwa kesho yake.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Sirikali kwa huzuni. Sasa huo atauzoa na nini?

Redio akasema tatizo si kuzoa, tatizo ni mashine. Alisikia kuna mashine inayosoma mkojo kama gazeti: ulikunywa nini, wapi, na nani alilipa. Wanywaji wa lubisi, ile pombe ya ndizi, wote wangejulikana mpaka kwa wake zao. Sirikali akaona mbali zaidi: kutoka hapo ni hatua moja tu hadi kwenye ushuru, kila mtu atozwe kwa dumu lake. Redio hakukubali kushindwa. Akasema itafika siku, pale mpakani Murongo, hawatakuuliza pasi, watakupa kikombe. Joanitha alicheka hadi akaweka birika chini. Mzee hakucheka. Aliomba kahawa nyingine, na nyingine tena, kama mtu anayetaka mdomo wake uwe na kazi.

Mchana Kemirembe akaja mwenyewe kutoka shuleni. Akapiga goti kidogo kumsalimu baba yake, akatuamkia na sisi, akakaa pale Redio alipompisha. Sirikali akamuuliza kwa nini anaacha dawa, kitu cha heshima.

Alijibu bila hasira. Alieleza kwamba uzamili si wa aina moja: kuna wa kukaa darasani ukamaliza kwa mitihani, na kuna wa utafiti, ambao unashika swali moja na kulitafutia jibu maabara na shambani. Ng'ambo angepewa kipande cha swali la watu wengine. Hapa swali ni lake. Mkojo, alisema, umejaa naitrojeni, ile inayofanya majani ya mgomba yawe ya kijani. Ukiuacha wazi, naitrojeni inapaa pamoja na ile harufu. Yeye anataka kujua kama mkaa uliosagwa unaweza kuizuia isipae, na kwa kiasi gani.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Sirikali akimkanya, nasi sote tukakumbuka makopo ya mvunguni ya kukojolea usiku, tukainamisha nyuso.

Kemirembe akamgeukia baba yake.

— Tata, nilipokuwa mdogo, mkungu wa ndizi wa kibanja chako ulibebwa na watu wawili. Leo naubeba peke yangu, na mkono mmoja uko huru. Ng'ombe waliisha, samadi ikaisha. Sitaki kusoma kitu kingine wakati hilo sijalijua.

Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba samadi ni kitu kingine. Samadi ni safi. Sirikali na Redio wakakubali mara moja: samadi ni mali, mtu huitafuta hadi Kyerwa, huwezi kuilinganisha na uchafu.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, Mukakalisa, aliyekuwa akingoja gari la Nkwenda.

— Samahani, baba zangu, alisema. Hiyo samadi, ng'ombe huitoa wapi?

Redio alizima. Joanitha akajifanya anapuliza moto.

Gari la Nkwenda likapiga honi, mama akachukua kikapu chake akaenda. Mzee Gaudiosus akamalizia kahawa iliyobaki kikombeni.

— Na ndege? alimuuliza binti yake.

— Kuna uzamivu baada ya uzamili, Tata. Ndege itanisubiri.

— Hilo dumu la mkojo ungeliweka wapi?

— Nyuma ya jiko letu, ukiniruhusu.

— Wajibu hao watu, alisema mzee. Waambie baba yako amekubali.

Kemirembe akapiga goti tena, safari hii akachelewa kuinuka. Kisha akawahi kipindi chake.

Hapo ndipo kahawa ilipoisha. Mzee alikuwa amekunywa kuliko sote. Akasimama, akaelekea nyuma ya ukuta wa ghala kujisaidia, kama wafanyavyo wanaume wote wa stendi. Alipofika nusu ya njia akasimama, akafikiri, akageuka, akampungia Redio awashe pikipiki.

— Kituntu, alisema akipanda taratibu. Na upite njia isiyo na matuta.