Oili ya Kumfikisha Walubengo Bumula

Waombolezaji, mulembe. Anayelala mbele yetu ni mdogo wangu, Habakuki Walubengo Wangila. Alizaliwa hapa Bumula tarehe 3 Mei 1954, mtoto wa nne wa Mzee Wangila na Mama Nekoye. Mama alikuwa akisema siku hiyo mvua ilinyesha huku jua linawaka, na mtoto alipotoka hakulia. Alinyamaza kama anasikiliza kitu kilicho mbali. Wakunga waliogopa, wakamchapa makalio ndipo akalia. Tulikuja kujua baadaye kwamba hakuwa na shida yoyote, ni vile alipenda kusikiliza.

Alisoma hapa karibu mpaka darasa la saba, akamaliza mwaka wa 1969. Kichwa kilikuwa kizuri, isipokuwa kilikuwa kinatembea. Siku moja Baba alienda naye Bungoma kuuza kuku, akampoteza sokoni. Alimpata stesheni, amelaza sikio juu ya reli kama mtu aliyelalia mto wa kitanda. Baba akauliza, "We Walubengo, unafanya nini hapo?" Akajibu, "Inakuja, Baba, na imebeba kitu kizito." Baba alimvuta kwa shati. Hawajafika barabarani, treni ya mizigo ikaingia.

Mwaka wa 1970 alienda Kitale kutafuta kazi, akapokelewa katika garaji iliyokuwa ikitengeneza matrekta na Land Rover za mashamba. Wakati huo Kitale asubuhi ilikuwa ni ukungu tu. Ungesikia mtu anakusalimia na humwoni. Alifanya kazi huko miaka kumi na minane, halafu akafungua garaji yake mwenyewe.

Katika kazi hiyo ndipo alipokutana na ile Datsun. Ilikuwa mwaka wa 1981, upande wa Endebess, ndani ya ghala la mahindi. Ni ile ya viti viwili yenye pua ndefu, ya mashindano. Ilivunjika ekseli ikiwa safarini, mwenyewe akaiacha hapo na hakurudi, na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Mwenye shamba alimpa gari hilo kwa sababu alimfufulia trekta. Walubengo alitoa mayai kwanza, kwa heshima, akampelekea mama wa boma. Nyekundu yake ilikuwa imefifia, imekuwa rangi ya matofali, na hakuipaka nyingine mpaka leo.

Mama wa boma alikuwa na binti mwalimu wa nasari, Chelagat, mtoto wa huyo mwenye shamba, Mzee Kipkosgei. Mnaona mayai yalienda wapi. Walifunga ndoa katika kanisa la Marafiki tarehe 10 Desemba 1983. Watu walimwuliza Chelagat, ati wewe msichana wa mlimani unafuata nini kwa Mbukusu mwenye mikono ya grisi? Alisema, "Alinibeba kwa hilo gari mpaka Kitale, nikalala, sikusikia akibadilisha gia. Nikajua huyu mtu hana hasira." Mungu aliwapa mtoto mmoja, Joy Nelima, ambaye sasa anafundisha Naitiri.

Gari hilo halikuwahi kufika hapa nyumbani. Lilikuwa chini sana, na barabara yetu mnaijua ilivyokuwa. Baba yetu alikufa akisema, "Hicho kitu chako nitakiamini siku kitakapoingia kwa lango." Walubengo alikuwa akicheka, lakini neno hilo lilikaa ndani yake.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka wa 2014. Alivumilia. Mwaka wa 2022 alikatwa mguu wa kushoto, ule wa klachi, akaacha kuendesha. Mwezi wa tano mwaka huu figo zikachoka, na daktari akamwambia Chelagat polepole kwamba wakati umebaki kidogo. Walubengo alikuwa amelala pale pale, macho yamefungwa, anasikiliza. Akasema, "Basi nipelekwe Bumula nikaonyeshe mahali." Katika boma letu mzee huonyesha kwa mkono wake mwenyewe mahali atakapolala. Asiyeonyesha, watoto hubaki wakibishana juu ya shimo. Alitaka Joy amwendeshe, na alitaka waende kwa Datsun.

Lakini Datsun ilikuwa imesimama tangu akatwe mguu, na sili ya nyuma ya giaboksi, ule mpira unaozuia oili, ilikuwa imekauka, oili yote ikamwagika chini. Aliitwa Kipkirui, fundi aliyejifunza kazi kwake na ambaye ana garaji yake sasa. Alibadilisha sili, akaja na mtungi wa oili.

"Mzee, tuweke oili ya tisini tushike barabara," akasema. "Kitale yote inakunywa tisini."

"Tisini namba ngapi?"

"Namba tano. Ndiyo kali."

"Hiyo ni ya difu, si ya giaboksi."

"Si ni gia zote, mzee? Gia ni gia, bana."

Walubengo alitikisa kichwa. Mwaka wa 1998 yeye mwenyewe alikuwa na haraka ya kwenda harusi, akaweka oili hiyo hiyo kwenye giaboksi ya Datsun. Baada ya miezi gia ya pili ikaanza kulia kama mbuzi. Alipofungua, zile pete ndogo za shaba zinazoshikana ili gia iingie taratibu zilikuwa zimeliwa. Alitafuta pete nyingine miaka miwili, na alizoweka zilikuwa za mwisho. Alikuwa akisema oili ya difu ina dawa kali kwa sababu meno ya difu, yale yanayozungusha magurudumu ya nyuma, yanasagana sana, lakini dawa hiyo ikikuta shaba inaila. "Ni kama kumweka askari jikoni," alisema. "Mwizi hataingia, lakini vikombe vyote vitavunjika."

Kipkirui hakuamini. Basi Walubengo aliomba jiko la makaa. Alichukua pete moja kuukuu ya shaba, akaisugua mpaka ikang'aa, akaizamisha kwenye kopo la ile oili na kuiacha juu ya moto mdogo mchana kutwa. Nyumba ilinuka.

"Baba Joy," Chelagat aliita kutoka jikoni, "chai inanuka yai bovu!"

"Ni dawa ya difu, Mama Joy. Kunywa tu, hutaingia kutu."

Jioni walitoa pete. Ilikuwa nyeusi kama jino la mvuta tumbaku. Kipkirui aliigeuza-geuza, akafunga mtungi wake, akaanza kupiga simu. Kitale hakukuwa na oili ya namba nne, ile ya giaboksi yenye dawa ndogo. Eldoret walisema wiki ijayo. Na mgonjwa alikuwa anapungua, sauti inakuwa nyembamba.

Ndipo nikaenda kumwona. Nilimwambia twende kwa gari la Kipkirui, ile Probox, kiti ni kiti. Akanitazama kwa upole. "Kwa gari hilo mtaniweka nikiwa nimekufa, na sitakataa. Sasa bado naweza kukaa mbele."

Chelagat alishindwa kunyamaza. "Unangoja oili! Na wewe, unangojwa na nani? Ukitufia hapa kwa kitanda, tutasema nini huko kwenu?"

"Mama Joy, wakiweka ile, gari litafika Webuye na hapo litasimama. Nitaonyesha mahali pa kuzikwa Webuye?"

Hata yeye Chelagat alicheka, machozi yakiwa usoni. Lakini aliogopa, sote tuliogopa.

Oili ya namba nne ilipatikana Bungoma, kwa muuza spea mmoja karibu na stesheni, ikaletwa Ijumaa. Kipkirui alikuwa tayari ameshafungua nati ya kujazia.

"Lete pete na jiko," Walubengo akasema.

"Hata hii tunapika, mzee?"

"Hata hii."

Siku nyingine ikaenda. Alikuwa amelala kwa kochi, anatazama ule moshi mdogo ukipanda, kama mtu anayetazama mvua ya mbali. Pete ilitoka vile ilivyoingia, ya manjano. Alisema, "Mwagieni mpaka ianze kurudi kwa tundu."

Jumapili tarehe 22 Juni waliondoka. Viti ni viwili, kwa hiyo Chelagat alifuata nyuma kwa Probox ya Kipkirui, na godoro na dawa zote. Ukungu ulikuwa umeshika mahindi mpaka Kiminini, na gia ya pili ilikataa kwa sababu ya baridi. Joy alitaka kuisukuma.

"Usimpige," Baba yake akasema. "Mguse, umngoje. Anapasha mwili."

Joy anasema baada ya hapo mzee alisinzia, lakini kila mara mkono wa Joy ulipoenda kwa gia, vidole vya Baba yake vilisogea kidogo juu ya goti. Kabla ya Kamukuywa gia ya pili iliingia yenyewe, kimya. Kushuka Webuye waliteremka nayo polepole, na Walubengo alifungua macho akasema, "Sikia." Joy akauliza, nini? Akasema, "Hakuna kitu."

Waliingia kwa lango hili saa nane mchana. Tulimshusha. Alisimama kwa mikongojo, akazunguka, akakataa upande wa migomba kwa sababu una maji, akakataa nyuma ya nyumba. Halafu akafika hapa mliposimama, akagonga ardhi kwa mkongojo mara moja, akasema, "Hapa. Mtu akija, nitamsikia."

Alirudi Kitale. Alitutoka nyumbani kwake Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025, alfajiri, Chelagat akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke wake Chelagat, binti yake Joy Nelima, dada yetu Linet, mimi Wabwile, shemeji, wajomba, na mafundi wengi wa Kitale ambao walimwita Baba. Shimo hili hakuna aliyebishana juu yake. Shukeni naye taratibu, vijana. Bwana aliyempa masikio ampokee, na udongo wa nyumbani umkalie mwepesi.