Sakafu Iliyoacha Kunywa Maji

Tarehe 31 Oktoba 1953, Fundi Bartholomayo Nantepa atafunga sanduku lake la randa na kurudi kwao Lupaso, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika karakana za useremala za misheni, kwanza Masasi, kisha hapa Newala. Wenzangu walipotafuta mtu wa kuandika habari zake kwa ajili ya sherehe hii, nilikubali upesi kabla hawajamgeukia mwingine. Ninalo jambo langu la kusema.

Aliajiriwa Masasi mwaka 1924, kazi yake ikiwa kushika upande wa pili wa msumeno. Baada ya miaka michache alikuwa akitengeneza milango, na tangu hapo hajapata kuuacha mlango wa mtu kwa amani. Akija kukutembelea, kwanza huutikisa mlango, huzitazama bawaba, hukuna kichwa, ndipo hupiga hodi. Ukiwa na bahati atakuambia umefungwa vizuri. Usipokuwa nayo, kesho atarudi na patasi. Wala msidhani ni mtu wa kujificha: akimaliza kabati huita watu waje kulitazama, na ukisahau kulisifu atakukumbusha.

Mwaka 1947 aliletwa Newala kufungua karakana hii. Sakafu ya zege aliisimamia mwenyewe, na saruji ilipokuwa bado mbichi alipiga magoti akachora juu yake kwa ncha ya msumari mistari ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa ukubwa wake kamili. Tangu siku hiyo kila kenchi ya shule na ya kanisa tunailaza juu ya mistari hiyo na kuikata bila kubahatisha. Miaka yote hii ninaikanyaga, na bado hunishangaza kwamba paa la jengo zima limelala chini ya miguu yetu.

Ila sakafu hiyo ilikuwa na vumbi. Kila tulipofagia, zege lilitoa unga mweupe uliotua juu ya vanishi mbichi na kuingia kifuani mwa Rajabu, mkereza wetu wa miguu ya viti, akakohoa mpaka tukamhurumia. Masasi hilo halikuwa tatizo, unanyunyiza maji kisha unafagia. Fundi akapanda na desturi yake hiyo bila kuifikiria. Lakini huku juu maji hutoka bondeni, nayo hupanda mlima juu ya vichwa vya wanawake. Wake zetu walipokezana kuleta madebe ya karakana kila siku, kabla ya kurudi tena bondeni kutafuta maji ya nyumbani.

Mke wangu, Agnes, alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Asubuhi moja alifika na debe lake, akaketi kizingitini kwa sababu miguu ilimkatalia kusimama. Maji yakanyunyizwa mbele ya macho yake, na sakafu ikayanywa yote kabla hajapata pumzi. Fundi alimtazama yeye, kisha akaitazama sakafu.

Kesho yake alibeba debe, akashuka bondeni pamoja na wanawake. Walimcheka njia nzima. Alirudi jua likiwa la utosi, shati limemganda mgongoni, debe limebaki nusu. Alilitua, akatutazama mmoja mmoja, akasema, “Haya hayaendi sakafuni tena.”

Msimamizi wetu alimwelewa, lakini viti vya kanisa la Mkunya vilitakiwa Pasaka, tena viwe vinang’aa. Vumbi likiendelea kuviharibu, alisema, hatakuwa na njia ila kurudisha maji. Agnes wakati huo alikuwa ameingia mwezi wa saba. Mimi usingizi ulinipaa.

Basi Fundi akaanza kutafuta kitu cha kupaka. Alitaka kinachoziba zege, kisichotelezesha watu, na kisichoficha hata mstari mmoja wa kenchi. Alianza na oili chafu ya lori. Vumbi lilitulia kweli, lakini pembe nzima ya sakafu ikawa nyeusi, mistari ikapotea, na Rajabu akateleza na ubao wake mpaka nje ya mlango. Tukasugua kwa majivu siku kadhaa mpaka mistari ikarudi. Nta ya nyuki ilikuwa safi machoni, ila mchana wa joto ililegea na kunasa vumbi la mbao, tukawa tunatembea kama kuku walionaswa. Vanishi ya sandarusi ilipendeza kuliko zote, nasi tukapiga makofi. Baada ya wiki ilibanduka vipande vipande.

Ndipo akaja na wazo la mafuta ya maganda ya korosho. Kila mtoto wa huku anajua yanavyounguza, na tulimwambia. Fundi alijibu kwamba korosho haiwezi kuunguza mkono wa fundi. Iliweza. Mikono yake ilivimba na kutoka malengelenge, ngozi ikachubuka, na pale alipopaka pakawa pa rangi ya kahawia iliyokoza, hata mstari usionekane. Akashushwa Masasi kutibiwa. Pasaka ilikuwa imekaribia, nasi tukaona mambo yamekwisha.

Akiwa huko, alipita jikoni kwa Theodora, mpishi wa misheni, ambaye ni jamaa yake. Katika ghala lake kulikuwa na pipa dogo la dawa ambayo Wazungu huhifadhia mayai yasioze, maji mazito yanayoangaza kama kioo. Sakafu ya ghala ilikuwa ya saruji, yenye vumbi kama yetu, isipokuwa kuzunguka pipa. Hapo Fundi akapiga magoti, mikono yake ikiwa imefungwa bendeji, akakwaruza kwa msumari. Theodora alidhani homa imempanda kichwani.

“Acha hivyo, kaka, hiyo ni dawa ya mayai tu,” alimwambia. “Ikimwagika pale haitoki. Nimesugua mpaka nimechoka.”

Alirudi na kopo moja kubwa la dawa hiyo. Dawa ile ilitakiwa kuchanganywa na maji, na maji hayo Fundi aliyafuata bondeni mwenyewe, na bendeji zake. Tukaikwangua ile rangi ya korosho mpaka mistari ikaonekana, tukafagia, tukafuta, tukapaka. Zege likanywa. Lilipokauka tukapaka tena, na mara ya tatu likakataa kunywa. Asubuhi alichukua ufagio mkavu akafagia kutoka ukuta hadi ukuta, nasi tukasimama tumeziba pua kwa mazoea. Hakikuinuka kitu. Jua liliingia mlangoni, na mistari ya kenchi ikaonekana yote, safi, kama iliyochorwa jana.

Viti vilifika Mkunya kwa Pasaka, vikiwa laini kama shavu la mtoto. Agnes alijifungua salama mwezi wa Mei. Binti yetu Julia alijifunza kutambaa juu ya sakafu hii, akifuata mistari.

Mama Julia hajawahi kumshukuru Fundi kwa maneno. Ameomba jambo moja katika sherehe hii. Kabla ya chakula, atateka maji bondeni mwenyewe na kumnawisha Fundi mikono yake yenye makovu, palepale kizingitini alipoketi siku ile. Nilimwambia tunayo maji nyumbani. Akajibu kwamba hayo yaliletwa kwa ajili yetu, na ya Fundi atayafuata kwa safari yake. Yakidondoka sakafuni, ndugu zangu, msiyafute. Tazameni tu yatakavyokaa juu.

Fundi Bartholomayo, tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda Lupaso ukapumzike, uwe na afya na siku nyingi, na milango ya jirani zako uihurumie.

Filemoni, fundi wa madirisha,
kwa niaba ya mafundi wote wa karakana ya Newala