Mdiria wa Mtaroni

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, kijana mpiga picha alikuwa akimwonyesha mama mmoja fundi cherehani picha ndani ya kamera yake. Pichani alikuwa mdiria, yule ndege wa buluu mla samaki, ametoboa kiota kwenye ukuta wa mtaro.

"Si mtaro wa mlangoni kwangu huo!" mama akang'aka. "Wateja wanaruka kama vyura mpaka wamenihama. Nataka ufukiwe leo!"

"Nakuomba, mama, vifaranga waruke kwanza."

"Ndege wako ana mbawa, mwanangu. Mimi nina magoti."

Mtaro huo wa mtaani kwetu waliuchimba wakubwa wa idara ya maji wapitishe bomba, kisha wakayeyuka. Marehemu mke wangu alilisubiri bomba hilo mpaka akazikwa. Siku hizi mtaro una kambare, bomba halipo.

"Nipe hiyo picha niwapelekee wakubwa ofisini, waone aibu yao," mama akasema.

"Wakiiona watafukia, mama!"

Nikashindwa kunyamaza. "Wafukie wao? Watakuja na utepe wazindue bwawa."

Wote wawili wakanigeukia kwa hasira. Basi likasimama ukingoni mwa mtaro. Wakashuka, kijana akamshika mama mkono kumvusha ng'ambo, naye akaruka huku anamtukana ndege.