Mbuzi wa Shukrani Tulimla Mapema

Ndugu zangu, wengi wenu mlikula mbuzi wangu. Mlikuja nyumbani Nabuyoga baada ya mimi kukatwa titi, mkaimba, mkasema Bwana amemaliza. Nami niliitikia amina, kwa sababu kidonda kilikuwa kimefunga na nilitaka ugonjwa uwe umeisha.

Haukuwa umeisha. Wiki ile ile majibu ya maabara yalitoka. Daktari, dada mmoja mpole, alinieleza taratibu. Tezi za kwapani zilikuwa na saratani, na uvimbe wenyewe si wa aina inayotulizwa na vidonge vya homoni. "Kwako, mama, nashauri kemo, dawa kali ya dripu," alisema. "Lakini mwili ni wako. Amua wewe."

Nikirudi nyumbani kutoka hospitali, nilivuka mpaka pale Busia nikipita katikati ya malori, sikumsalimia mtu.

Mama mkwe aliposikia alishika kichwa. "Tulimshukuru Mungu mbele ya watu. Sasa tutawaambia nini?" Sikumlaumu. Swali hilo lilikuwa langu pia. Nililala nimegeukia ukuta. Nawaambia kweli, hata kuomba sikuomba. Niliwaza: nikikataa dawa, nitakufa nikisifiwa imani. Nikikubali, mtasema sikuamini, na huenda nife vile vile. Nikaamua kukataa.

Ndipo akaja yule mama wa kwaya, mnamjua kwa sauti.

"We! Mbona umefunga mlango kama duka la Jumapili?"

Nikamweleza yote, pamoja na aibu ya mbuzi. Alicheka hadi akakaa chini.

"Mbuzi tumeshamla, harudi zizini! Ile ilikuwa asante ya kisu. Ya dripu bado. Au Mungu wako anapokea asante moja tu? Amka ukaoge, dada, unanuka."

Nililia. Kisha nikaoga. Kesho yake akanisindikiza hospitali, nikamwambia daktari nimekubali.

Ndugu zangu, sijaja kusema nimepona. Nywele zimeisha, vidole vina ganzi, na kuna siku naomba tu jua lizame. Daktari hajaniahidi kitu, ila kwamba nina nafasi kubwa zaidi nikiwa na dawa kuliko bila dawa. Namshukuru yeye, na mama mkwe anayenipikia uji bila maswali, na huyo mwimbaji wenu.

Ninyi nawaomba jambo moja. Mgonjwa akitoka hospitali, msimwambie amepona. Muulizeni ameambiwa nini na daktari, halafu mnyamaze mpaka amalize kujibu.