Moto wa Nyumba na Moto wa Maji

Kijiwe chetu hapa Crystal, Minnesota, kiko ndani ya gereji ya tairi ya Mahdi, kwa sababu Januari kukaa nje si maskani, ni adhabu. Benchi ni moja refu kando ya dirisha, na kahawa ya tangawizi iko kwenye thermosi juu ya rundo la tairi kuukuu. Mahdi tunamwita Waziri, maana hakuna swali linalomkosesha jibu. Muriuki, dereva wa lori, alijiita Injinia siku alipobadilisha balbu ya ovena. Wa tatu ni Alwi wa Mombasa, anayefanya kazi ghalani Shakopee. Jumamosi ile Alwi aliingia akaketi bila hata kuvua koti.

— Mamangu ataka kurudi Mombasa, akasema. Ashafunga sanduku.

Bi Fatimah, mamake, alikuja kumngoja mjukuu wake wa kwanza, na Sumayya, mkewe Alwi, alikuwa karibu kujifungua.

— Kisa nini? Mahdi akauliza.

— Maji! Zamani ile boila yetu haikuweza kuchemsha maji ya kuoga bila kupasha nyumba nzima. Mwataka kuoga, kwanza mwatoka jasho. Sumayya akasema tumwite fundi, moto wa nyumba uwe na swichi yake na moto wa maji uwe na yake. Fundi kaja, kafunga swichi za kujiwasha zenyewe. Nyumba sasa tamu. Lakini mama akiamka alfajiri kutawadha, maji barafu! Adhani Sumayya amzimia makusudi.

— Na mchana?

— Mchana yaunguza, wala hakuna anayeoga.

Injinia akaweka kikombe chini.

— Buda, hiyo ni simple. Swichi mbili kwa boila moja? Fahali wawili hawakai zizi moja. Usiku nyumba inashinda, mchana maji yanashinda.

— Wapi! Mahdi akadakia. Hiyo ni waifai. Swichi za siku hizi zina masikio. Zikisikia nyumba imelala, nazo zalala. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Waziri, swichi iko ukutani, si nguoni.

— Ukuta ndio nguo ya nyumba.

— Sikizeni, Injinia akasema. Hii baridi ya Minnesota ikizidi, moto unaganda kwa paipu.

— Moto wagandaje? Mahdi akauliza.

— Wewe ushawahi kuuona ukitembea kwa hiyo baridi?

— Mimi najua zaidi, Mahdi akasema, akashusha sauti. Gesi yagawiwa kwa zamu. Alfajiri yote yapelekwa Lakeville. Kule kuna nyumba mpya, bafu tatu tatu. Lazima wao waoge kwanza.

Tulicheka. Alwi hakucheka.

— Nyinyi mwacheka. Jana Sumayya alilia jikoni, na tumbo lile. Mama kajifungia chumbani. Mimi n'naenda huku, n'narudi kule, kama mpeleka posa.

— Mwambie mama, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, Injinia akamshauri.

— Ndivyo alivyofanya, akayaoga yale barafu! Ndipo akafunga sanduku!

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja tusiyemjua, na nguo zake za unesi, akingoja tairi yake izibwe. Jina lake Goretti, tulikuja kulijua baadaye.

— Samahani, kaka, akasema. Hiyo swichi ya maji inajiwasha saa ngapi?

— Kumi na moja alfajiri, dada. N'liiweka mwenyewe, kwa kidole changu.

— Ukabonyeza namba gani?

— Kumi na moja.

— Kumi na moja ya kwetu, au ya huku?

Waziri akatazama saa yake ya mkononi.

— Maana mashine haijui Kiswahili, Goretti akaendelea polepole. Kumi na moja yake ni karibu na adhuhuri. Alfajiri yetu ungebonyeza tano.

Alwi akashika kichwa. Kisha akashika simu, akatoka nje kwenye theluji kumpigia Sumayya, akiomba radhi kwa sauti hata kabla hajapokelewa.

Kesho yake alirudi na sinia la mahamri.

— Maji vipi? tukamwuliza kwa pamoja.

— Moto! Lakini mama hakuoga kwanza. Alijaza ndoo, akaenda kugonga mlango wetu. “Mwanangu, amka uoge wewe, maumivu ya mgongo yatapoa.” Yeye akasimama pale akingoja zamu yake. Tangu aje, ndiyo mara ya kwanza kumwita Sumayya mwanangu.

Tukagawana mahamri.

— Ukiangalia vizuri, Injinia akasema, hata mimi nilikuwa naelekea kwa hiyo point ya saa.

Mahdi akainua thermosi kumjazia, akaitikisa. Ilikuwa tupu.